Miezi Minane ya Mkono wa Mchezo

Jumatano ya wiki yangu ya tatu ya mionzi, mwezi wa nne mwaka jana, Mwajuma alifariki nyumbani kwa mama yake Kisarawe. Ilikuwa asubuhi. Alikuwa ameinamia beseni anafua, akasema kichwa kinamgonga, akaomba maji, na maji yalipofika hakuweza kuyameza. Walisema ni presha. Nilikuwa nimecheza naye tenisi ya wawili wawili kwa miaka ishirini na mitatu, na tulikuwa hatujasemeshana kwa miezi kumi.

Saa hiyo mimi nilikuwa kwenye benchi la hospitali ya saratani, Dar es Salaam, nasubiri kuitwa. Watu huniuliza kama nilihisi kitu. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nakula karanga na kumsikiliza mama mmoja wa Rufiji akieleza jinsi nywele zake zilivyorudi zikiwa laini kama za kichanga.

Matibabu yangu yalipokwisha, nesi mmoja aliniomba niwe naenda kuzungumza na wanawake wapya, wale wanaokuja na bahasha mkononi na hawajui waketi wapi. Nimekwenda mara nyingi. Nawaeleza kuhusu kichefuchefu, kuhusu kucha, kuhusu kuvaa soksi siku ya dripu kwa sababu miguu hupata baridi. Lakini lile ambalo lingewafaa zaidi limenishinda kulisema mbele za watu, ndiyo maana naliandika. Nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo msitegemee nieleze ugonjwa. Nitaeleza nilichofanya.

Mimi ni Msukuma. Baba yangu aliletwa Pwani na useremala. Alitengeneza madawati ya shule pale Tumbi, Kibaha, na tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Nyuma ya nyumba za walimu kulikuwa na uwanja wa tenisi wa saruji uliojengwa na walimu wa kigeni. Jioni walicheza na sisi watoto tuliwaokotea mipira. Mwajuma alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, ameletwa kukaa na shangazi yake aliyekuwa akifua mashuka ya bweni. Siku ya kwanza tu alinisimamia mbele, mikono kiunoni.

"Wewe Msukuma, ng'ombe zako umemwachia nani?"

"Nimewaachia Wazaramo. Nikirudi nitakuta mmeshawala."

Tulikuwa na miaka kumi na mmoja. Makabila yetu ni watani, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana na mimi nina ruhusa ya kumrudishia, na mwenye kununa ndiye mwenye makosa. Tuliendelea hivyo mpaka tukawa watu wazima wenye mvi.

Mwalimu mmoja wa kike, mrefu, shingo yake nyekundu kwa jua, alitupatia raketi moja ya mbao tuitumie kwa zamu. Labda ndiyo sababu hatukuwahi kuwa wachezaji wazuri mmoja mmoja. Kila mmoja akiwa peke yake alifungwa na wasichana wa Dar wenye viatu vyeupe. Tulipowekwa pamoja hawakutuweza. Mimi nilisimama kulia, yeye kushoto. Nilipopiga servisi, yeye alikuwa mbele karibu na wavu, amenipa mgongo, mkono mmoja ameuweka nyuma. Akifumba ngumi maana yake anabaki pale pale. Akifungua kiganja, anavuka, nizibe nyuma yake. Nusu ya maisha yangu nimeyapitisha nikitazama ule mgongo na ule mkono.

Kwenye mchezo huu mpira mbaya ni ule unaopita katikati. Kila mmoja anaweza kuufikia, na kila mmoja anaweza kumwachia mwenzake. Lazima mmoja aseme, na aseme mapema. Mimi nilikuwa mzito wa kusema. Mwajuma alikuwa na sauti ya kuitia watu shambani, akiita "Wangu!" hata pale mpira ulipokuwa wangu waziwazi, na baadaye ananigeukia: "Umelala, Msukuma? Nikuletee kitanda?"

Tulipofika miaka kumi na tisa shirika moja la umma likatuajiri. Kwenye karatasi tulikuwa matarishi, lakini sikumbuki kupeleka barua hata moja. Kazi yetu ilikuwa tenisi. Tulichukua ubingwa wa taifa mara saba, tukaenda Nairobi, Kampala na Lusaka. Lusaka tulicheza fainali Mwajuma akiwa na malaria, anatetemeka kwenye jua, na tukashinda. Picha ya siku ile ipo. Mimi natabasamu, yeye amefumba macho. Kisha shirika likauzwa. Makombe yalibaki kwenye kabati la ofisi na sijui yalikwenda wapi. Tukahamia kwenye hoteli za Dar, tunacheza na wageni saa kwa saa, tukijizuia tusiwafunge sana. Goti langu lilipokataa, Mwajuma alisema hatacheza na mtu mwingine. Tukaacha sote wawili siku ile ile.

Mimi nilijenga Tangini, hapo hapo Kibaha. Yeye alifungua duka la kanga pale kituo cha Kwa Mathias. Hakujaliwa mtoto. Binti yangu Neema, ambaye baba yake aliondoka mapema, alimwita mamdogo, na Mwajuma ndiye aliyemfundisha kusuka, kupika wali wa nazi usioungua, na kutukana kwa Kizaramo. Jumamosi asubuhi tuliwafundisha watoto wa Tumbi kwenye uwanja ule ule, saruji sasa ina nyufa na majani yanachungulia.

Baada ya mchezo tulichuana mikono. Hiyo ni desturi tuliyoanza nayo utotoni na hatukuiacha: kila mmoja humchua mwenzake mkono wa raketi, toka kwenye vidole mpaka kwapani, kwa dawa ya kuchua yenye harufu ya minti. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua mkono wangu kama yeye. Na ule mkono wa kulia, tangu usichana, ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Kila mchezaji wa tenisi ni hivyo. Fundi cherehani akinishonea gauni hupima mikono yote miwili. Nyumbani tuliuita mkono wa mchezo.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza nilipokigusa kile kitu bafuni. Kilikuwa kwapani, upande wa kulia, kigumu kama punje ya harage bichi. Chini yake, kwenye ziwa, ngozi ilikuwa imevutika kidogo kwa ndani. Nilijua. Nataka msomaji anielewe hapa: sikudhani, nilijua. Dada wa mama yangu alikufa hivyo huko kwetu, nikiwa mtoto niliyetumwa kumfukuzia nzi. Nilijikausha nikavaa, na siku ile nilipika dagaa.

Wiki tatu baadaye Mwajuma alikuwa ananichua tumekaa kwenye kibaraza cha uwanja. Vidole vyake vikasimama.

"Stazia. Hiki nini?"

"Mtoki. Nimenyoa vibaya."

"Mtoki haukai hivi. Hauumi?"

"Hauumi."

"Basi si mtoki. Kesho twende hospitali."

"Nitakwenda mwenyewe, wewe si mume wangu."

"Mume angekuwa mimi ningeshakuacha, unakoroma." Lakini hakucheka. Alinisemesha tena wiki iliyofuata, na kabla ya Krismasi akaniambia akiwa amenishika kidole, kama anavyoshikwa mtoto anayevushwa barabara: "Usipokwenda namwambia Neema." Nikamwambia akimwambia Neema, urafiki wetu umekwisha. Nilisema hivyo hivyo, bila kuzungusha. Na nikamwapisha kwa jina la mama yake.

Aliapa. Kila Jumamosi aliendelea kunichua, safari hii akilikwepa kwapa, na kila Jumamosi aliuliza, "Umekwenda?" Mkono ulipoanza kuvimba mpaka pete ikakataa kutoka, Neema aliuona. Nikamwambia ni mkono wa mchezo, siku hizi nawafundisha watoto servisi. Akaamini. Majirani waliamini. Kuna watu wanaoficha ugonjwa kwa shuka na kanga. Mimi niliuficha kwa ubingwa.

Miezi minane. Masika yalikuja na kuondoka.

Mwezi wa sita ziwa lilitoa unyevu na nguo ikanisaliti. Neema alinipeleka hospitali ya mkoa siku hiyo hiyo. Daktari alikuwa msichana mwenye sauti ya chini. "Mama, umekiona lini?" Neema alikuwa amekaa pembeni yangu, ameshika mkoba wangu mapajani.

"Mwezi uliopita," nikasema.

Daktari aliandika. Wakakata kinyama cha kupima, tukasubiri majibu, majibu yakaja kama nilivyojua.

Mchana wa siku ile ya majibu Mwajuma alikuja Tangini moja kwa moja kutoka dukani, kanga mbili za kuuza bado ziko begani. Mimi nilikuwa nimelala kwenye kochi. Neema hakumkaribisha kiti.

"Mama anasema amekiona mwezi uliopita," alimwambia. "Daktari anasema hiki si cha mwezi mmoja. Wewe ndiye unayemchua kila Jumamosi, mamdogo. Hukukigusa?"

Mwajuma alinitazama.

"Nilikigusa," akasema.

"Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Kabla ya Krismasi!" Neema alishika kichwa. "Ukanyamaza? Ukaendelea kukisugua? Si ndiyo umekitawanya mwili mzima!"

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Alinisihi, nikakataa, nikamfunga mdomo. Mwajuma alinisubiri. Niliujua ule mtazamo wa mpira wa katikati. Uwanjani haukuwahi kufika sekunde moja, lakini pale sebuleni ulikaa muda mrefu hata birika likaanza kupiga kelele jikoni. Nikayaelekeza macho kwenye dari.

"Ni kosa langu, Neema," Mwajuma akasema. "Niliona ni mtoki tu, nikapuuza. Nimekosa."

"Toka."

Sijawahi kusikia mtoto niliyemzaa akimwambia mtu mzima neno lile. Mwajuma aliinama mlangoni akavaa ndala, ya kulia mguu wa kushoto, akatambua, akabadilisha, akaondoka.

Baadaye daktari mwingine alitueleza kwamba kuchua siko kulikonifikisha pale, ni kuchelewa. Nilimsikia vizuri sana. Sikumpelekea Mwajuma maneno yale.

Dripu zilikuwa sita, kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza niliingia nikitembea kwa kujidai, mchezaji wa zamani, mapafu yangu mazuri. Ile dawa nyekundu kama sharubati inaponing'inia juu yako huna ubingwa. Siku ya kumi na sita nywele zilibaki kwenye mto. Kucha zikawa nyeusi. Kila chakula kilikuwa na ladha ya sarafu iliyonyonywa. Nilichoweza kula ni uji wa ulezi uliopoa na embe bichi, na kwenye benchi mama mmoja wa Mlandizi, ambaye simjui hata jina la pili, alikuwa akija na barafu kwenye chupa ya chai, anagawa vipande tunyonye vidonda vya mdomo vipoe. Alikuja dripu nne. Ya tano hakuja, na barafu haikuja.

Siku za dripu tulikuwa tunapanda basi Kwa Mathias alfajiri. Duka la Mwajuma lilikuwa hapo hapo kituoni, na kuanzia dripu ya pili lilikuwa limefungwa, kufuli mbili. Muuza maziwa alituambia mwenye duka amehamia kwao Kisarawe kumtunza mama yake. Neema alisema, "Afadhali." Mimi nikajifunika kilemba mpaka machoni.

Neema na mimi tulikuwa tunaishi kama watu waliobeba kabati pamoja kwenye ngazi. Alikuwa anafundisha shule ya msingi, anaomba ruhusa, anakatwa siku, anarudi anafua matapishi yangu. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, uani, anakula mkate mkavu peke yake. Aliniambia, "Namchukia, mama. Namchukia mpaka nashindwa kusali." Alikuwa anamsema mamdogo wake. Hata pale sikusema. Nilimwambia asichukie watu, atapata vidonda vya tumbo.

Mara mbili Mwajuma alituma machungwa ya Kisarawe kwa jirani yangu. Neema aliyagawa mtaani bila kunionyesha, lakini harufu ilibaki kwenye kiroba. Mara mbili alipiga simu. Kwenye simu yangu jina lake ni "Mtani". Niliitazama ikilia na kutetemeka juu ya meza, ikajisogeza yenyewe mpaka ukingoni, kisha ikanyamaza.

Kwa nini sikupokea? Nimejiuliza sana, na jibu silipendi. Nilikuwa naogopa Neema ataacha kuniosha. Mtu akiwa anatapika kwenye beseni lililoshikwa na binti yake, hataki binti yule ajue kwamba beseni lile lisingehitajika.

Januari walitoa ziwa na tezi za kwapani. Nilipojitazama mara ya kwanza nilishangaa jinsi upande ule ulivyokuwa kama wa mvulana. Mkono, ambao wakati wa dripu ulikuwa umepungua, sasa ulivimba kwelikweli na daktari akaniambia huenda ukabaki hivyo. Nawaambia wenzangu: usibebe ndoo kwa mkono ule, usiruhusu wapimie presha pale, vaa soksi ya mkono hata joto likikuudhi. Raketi nimeijaribu. Naweza kuishika.

Mwezi wa tatu tukaanza mionzi, wiki tano, kila siku ya kazi. Nilipata sehemu ya kulala kwa binamu yangu mjini. Mionzi haiumi. Unalazwa kwenye meza baridi, wanakuchora kwa kalamu, wanakuinulia mkono juu ya kichwa na kukuambia usijitikise. Unabaki peke yako na mashine. Siku ya kwanza niliutambua mkao wangu. Mkono juu, kifua wazi, uso kwenye taa: ni mtu anayepiga servisi, amelazwa chali.

Mwajuma alifariki Jumatano na kuzikwa Jumatano hiyo hiyo baada ya alasiri. Neema alipigiwa simu na jirani. Hakuniambia. Aliniambia Jumapili, akiwa amekaa na mkoba mapajani, akasema alihofu nitaacha mionzi. Nikamuuliza amekufaje, akanieleza. Nikamuuliza kama alikwenda kuzika.

"Sikwenda," akasema. "Niende kama nani?"

Ningeweza kwenda kutoa pole Jumatatu. Nilisema mkono unauma.

Jumatatu ile, wakaniinua mkono, wakatoka, mlango mzito ukajifunga, na nikamwona. Alikuwa mbele, upande wa kushoto, miguuni pa meza, amenipa mgongo. Mkono mmoja nyuma, ngumi imefumbwa. Sikuogopa, na hakuna aliyeniambia kwamba ni dawa zinanionyesha. Alisimama muda wote mashine ilipolia. Alikuwepo Jumanne. Alikuwepo siku zote zilizobaki, ngumi ile ile, baki hapo, na mimi nikabaki. Wakati wa servisi hatukuwahi kutazamana; mtu wa mbele haruhusiwi kugeuka, atampa adui siri. Nilimwomba ageuke. Nilimwomba kwa sauti, mpaka fundi wa mashine akaniuliza kwenye kipaza, "Mama, unahitaji kitu?"

Hakugeuka. Nimerudi Tangini na bado kuna nyakati nasikia "Wangu!" nikiwa nachagua mchele, sauti ile ya shambani, karibu kabisa na sikio la kushoto.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua inakatika, mama yake Mwajuma alipompigia Neema simu. Nilisikia kila neno, yule bibi huzungumza kwenye simu kana kwamba Kibaha tutamsikia bila simu.

"Wewe ndiye mtoto wa mtani wetu?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie mama yako msiba wa mwanangu umelala bila mtani. Arobaini ni Jumamosi. Asipokuja namfuata na fimbo."

Neema hakutaka. Nilimwambia nitakwenda hata kwa magoti. Tukashuka Kiluvya, tukakodi bajaji, tukakatiza njia ya udongo mwekundu uliojaa madimbwi, yeye anatazama kulia, mimi kushoto.

Kwa asiyejua: kwenye msiba wa Wazaramo mtani ana kazi yake. Waliofiwa wanalia, yeye anatania. Anadai chakula, analala mlangoni watu wasipite, na kubwa kuliko yote anamwigiza marehemu, mwendo wake na maneno yake, mpaka wanaolia wacheke. Msiba usio na mtani huonekana kama haukuisha. Nilikuwa ninadaiwa hilo, na wote uani walilijua, maana nilipoingia tu, kabla ya dua kuanza, wanawake waliokuwa wanachambua mchele walinipokea kwa kelele.

"Haya, Msukuma kanusa pilau!"

"Siku arobaini anatafuta njia, alikuwa anakuja na ng'ombe!"

Mdomo wangu ukajibu wenyewe. "Nimekuja kuhakikisha. Mzaramo anaweza kujifia makusudi ili asilime masika."

Wakapiga vigelegele vya kicheko. Bi Zuhura, mama wa Mwajuma, alikuwa kwenye mkeka, mdogo kama mtoto ndani ya kanga nyeusi. Nilimpa shikamoo, akanitazama kichwa kisicho na nywele za kutosha, na mkono, na akasema tu, "Fanya kazi yako."

Shangazi mmoja akanitupia raketi ya Mwajuma. Dua ilipokwisha na wanaume wakakaa upande wao, nilisimama katikati ya uwanja uliofagiliwa. Nikamwigiza. Nilifunga kanga kiunoni kwa fundo lake. Nikaruka mara mbili kwa mguu wa kushoto, nikapuliza kiganja, nikaulaani mpira kwa Kizaramo. Walicheka hadi wakashikana. Niligeuka nikasema kwa sauti yake, "Umelala, Msukuma? Nikuletee kitanda?" na dada yake akaanguka kwenye mkeka akicheka na kulia kwa pamoja. Nikamwona Neema ukutani, amejiziba mdomo.

Shangazi akapaza: "Sasa mtani tuambie! Mwaka mzima mlinuniana kwa lipi, mlikuwa mnagombea bwana?"

Nikaona ndipo hapo.

"Mimi nilikuwa mgonjwa na nilijua," nikasema. "Mwajuma alinikuta na uvimbe akanisihi niende hospitali. Alinisihi miezi. Nikamwapisha kwa jina la mama yake asimwambie mtu. Binti yangu alipomlaumu, nikanyamaza akabeba yeye."

Shangazi akapiga makofi.

"Mwongo huyo! Msukuma anajitwisha ili aongezewe nyama!"

Wakaangua kicheko, uani kote. Nilirudia. Wakacheka zaidi, mmoja akanirushia mchele. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo nilivyozidi kuwa mtani hodari. Nilisimama na raketi ya marehemu mkononi, na nikaelewa kwamba naweza kukaa sasa hivi, nimeshasema, na hakuna aliyesikia.

Wawili hawakuwa wanacheka. Neema alikuwa ameshusha mkono kutoka mdomoni. Na Bi Zuhura alinyoosha fimbo yake.

"Njoo hapa." Nikapiga magoti mbele ya mkeka. "Unatania au unasema?"

"Nasema, mama."

"Kwa jina langu ulimwapisha?"

"Kwa jina lako."

Alitafuna midomo muda mrefu. "Alipokuja hapa na mizigo nilimuuliza amefanya nini. Akaniambia amemficha rafiki yake maradhi kwa uzembe. Nikamwambia una roho mbaya, sikukuzaa hivyo. Nilimwambia mpaka amekufa." Kicheko kilikuwa kinakatika, mtu mmoja mmoja, kama mvua inavyoisha juu ya bati. "Simama. Sema tena. Wale wanaume kule hawajasikia, na wa jikoni hawajasikia. Weka hiyo raketi chini, usiseme kama mtani."

Nikaiweka chini. Nikasema tena, neno kwa neno, nimewaelekea wanaume, kisha nimewaelekea walio jikoni, nikataja jina lake kamili na la baba yake. Safari hii nilisikia kuni zikipasuka. Bi Zuhura hakunisamehe wala hakunifukuza. Alisema, "Sasa wamesikia," akageukia ukuta.

Nilipotazama ukutani Neema hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye njia ya makaburi, ameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope. Hakunitazama. Alitembea mbele, nikamfuata, mpaka kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa umezama upande mmoja na magugu ya masika yameshalipanda.

Akachuchumaa.

"Shikamoo, mamdogo," akasema.

Aliinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Kisha akaviweka viatu chini, akaanza kung'oa magugu.